Kiigizi cha Barabara: Uhakiki wa Istilahi za Chombo cha Kujaribia Dashibodi

Zamani mtu aliyeketi nyuma ya usukani alikuta mbele yake saa ya mwendo, mshale wa mafuta na vitufe vichache ambavyo mkono ulivizoea hata gizani. Leo magari mengi mapya yana skrini katikati ya dashibodi, na ndani ya skrini hiyo mmekusanywa redio, simu, ramani, hata kiyoyozi. Kitufe kilichochorwa katika skrini hakipapasiki; hapana budi kitafutwe kwa macho, na macho yale yale ndiyo yanayotakiwa barabarani. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa magari hawangoji gari litoke kiwandani ndipo wajue iwapo dashibodi yao inamfaa dereva au inampeleka mtaroni. Hutangulia kujenga barabara ya uongo ndani ya chumba, wakamkalisha dereva wa kweli mbele yake, wakaijaribu dashibodi hiyo ingali mchoro.

Makala haya hayana nia ya kufundisha ufundi huo, ingawa itatubidi kuueleza kidogo. Nia yake ni kuyapima maneno ambayo mfasiri wa Kiswahili huyakimbilia anapokutana nao. Dai letu ni moja: mengi ya maneno hayo yanakosea mahali pa kuweka tendo la kuigiza. Yanasema kwamba dereva anaigiza udereva. Ukweli ni kinyume chake. Katika chumba kile barabara ni ya uongo, gari ni la uongo, na mvua ni ya uongo. Lakini jicho la dereva, mkono wake na usahaulifu wake ni vya kweli. Istilahi isiyotenga mambo hayo mawili itampotosha fundi kabla hajakaza skrubu ya kwanza.

Chombo chenyewe

Asili ya chombo hiki haimo katika magari bali katika ndege. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, aliyelelewa katika kazi ya vinanda katika kiwanda cha baba yake huko Binghamton, New York, aliunda kidege cha kufundishia marubani ambacho hakikuondoka chini. Mivukuto ya hewa, kama ile ya vinanda, ndiyo iliyokiinamisha na kukiinua. Baadaye wenye magari waliifuata njia hiyo. Mwaka 1985 kampuni ya Daimler-Benz ilizindua huko Berlin chombo kikubwa kilichokuwa na kuba lililobebwa na miguu sita inayosukumwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki, na ndani ya kuba hilo gari zima liliwekwa. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, nacho kina chombo ambacho kuba lake husogezwa katika uwanja wa karibu mita 20 kila upande, ili mwili wa dereva uhisi kushika breki na kukata kona.

Msomaji asidhani kwamba pasipo kuba na haidroliki hapana jambo. Kwa kuijaribu dashibodi, chombo cha kawaida chatosha: kiti kilichotolewa katika gari bovu, usukani na pedali za michezo ya kompyuta, skrini tatu zilizopangwa nusu duara, au ukuta mweupe na projekta, kompyuta moja ya kuchora barabara, na skrini ndogo iliyowekwa mahali pale pale ambapo dashibodi itakuwa. Huongezwa kamera inayoutazama uso wa dereva. Jambo ambalo mjenzi asiye mzoefu husahau ni kuziunganisha saa za vyombo hivi. Kompyuta ya barabara, skrini ya dashibodi na kamera lazima zifuate saa moja. Kama sivyo, fundi atajua kwamba gari liliyumba, na atajua kwamba dereva aliangalia redio, ila hataweza kusema kama lile lilitokana na hili.

Kupima nako si lazima kuwe na gharama. Kipo kipimo kilichowekewa kanuni ya kimataifa mwaka 2010, ambacho dereva huendesha kwa kilomita 60 kwa saa katika barabara iliyonyooka ya kilomita tatu yenye njia tatu. Mabango ya kando humwamuru ahame njia mara 18 hivi. Safari yote ni dakika tatu. Mara ya kwanza huendesha tu. Mara ya pili huendesha huku akitafuta wimbo au akiandika jina la mtaa. Kisha njia aliyopita hulinganishwa na njia iliyopasa kupitwa, na tofauti yake ndiyo bei ya ile dashibodi.

Ni nani anayeigiza?

Sasa tuyatazame majina. La kwanza ni la kutohoa: simuleta. Hatulikatai kwa kuwa ni la kigeni, maana Kiswahili kimetohoa breki, gia na klachi bila kupata hasara. Twalikataa kwa sababu sikio la Mswahili hulikata vipande viwili, simu na leta. Katika chombo ambacho kazi yake moja kubwa ni kuonyesha hatari ya simu garini, jina linalosikika kama amri ya kuleta simu ni mzaha usiokusudiwa.

La pili ni kifananishi. Kufananisha ni kuviweka vitu viwili pamoja na kuutaja ulinganifu wao, na chombo chetu hakifanyi hivyo. Neno hili lihifadhiwe kwa vyombo vya kulinganisha vipimo.

La tatu na la nne ni kiigaji na kiigizi. Haya ni ndugu, nasi twapendelea la pili. Kuiga ni kufuata tendo la mwingine, hata bila kukusudia. Mtoto humwiga babu yake namna ya kutembea. Kuigiza ni kuunda mfano wa jambo kwa makusudi, ili mtu aliyepo alione kana kwamba lipo. Hiyo ndiyo kazi ya chombo hiki. Isitoshe, umbo la kiigizi linakaa vema karibu na kikokotozi na kiyoyozi, maneno ambayo watumiaji wameyapokea. Tendo lenyewe na liitwe mwigo.

Hapa ndipo kosa kubwa linapoingia. Mfasiri akishapata kiigizi, huongeza mara moja “cha udereva”, kwa kuwa lugha anayoifasiri inasema hivyo. Lakini katika Kiswahili kiunganishi hicho kina uzito wake. Kiigizi cha udereva ni chombo kinachouigiza udereva. Basi msikilizaji ana haki ya kutazamia gari linalojiendesha lenyewe, au sanamu iliyoshika usukani. Kinachoigizwa ni barabara. Kwa hiyo twapendekeza kiigizi cha barabara. Jina hili linamwambia fundi mambo mawili kwa pamoja: kwamba barabara yake ni mfano tu, hivyo aonyeshe wazi inapopungukiwa, na kwamba dereva si mfano, hivyo achaguliwe, aheshimiwe na apimwe kama mtu aliye kazini.

Tofauti hii si ya kimaneno tu. Dereva akikosea katika kiigizi, wako watakaosema, “Huo ulikuwa mchezo, barabarani asingekosea.” Mara nyingine ni kweli, maana katika kiigizi hakuna anayekufa, na mtu asiyeogopa huthubutu zaidi. Lakini jicho lililohama halikuhama kwa mchezo. Anayeuita udereva ule wa kuigiza amekwisha kujipa udhuru wa kuyapuuza matokeo.

Kadhalika tutenge kiigizi cha mafunzo na kiigizi cha majaribio. Katika cha kwanza dashibodi ni sahihi na dereva ndiye anayesahihishwa. Katika cha pili dereva huchukuliwa kuwa sahihi na dashibodi ndiyo inayosahihishwa. Chombo kimoja chaweza kufanya kazi zote mbili, lakini anayezichanganya kwa jina huishia kumlaumu dereva kwa kosa la mchoraji.

Rasimu, si kielelezo

Dashibodi inayojaribiwa ingali haijakamilika. Aghalabu huitwa kielelezo, au sampuli. Yote mawili yana kasoro. Kielelezo ni kitu cha kufuatwa au cha kuthibitishia. Mahakamani huwekwa mbele ya hakimu na hakibadilishwi. Sampuli ni sehemu iliyochotwa katika kitu ambacho kipo tayari, kama konzi ya mchele kutoka guniani. Dashibodi ya majaribio haimo katika mojawapo. Imetangulia kitu chenyewe, nayo imetengenezwa ili ikosolewe, ikatwe na kutupwa.

Neno tunalo. Ni rasimu. Kila mwandishi, karani na mjumbe wa kamati anajua kwamba rasimu hailiwi yamini. Tukisema rasimu ya dashibodi, hata fundi mgeni ataelewa kwamba karatasi iliyokatwa kwa mkasi na kubandikwa mahali pa skrini ni rasimu halali, na kwamba si aibu kuibandua jioni ile ile. Mjenzi anayeiita kazi yake kielelezo huanza kuitetea. Anayeiita rasimu huanza kuirekebisha.

Kioo, skrini na kiolesura

Katika lugha ya simu watu wengi husema kioo kwa maana ya skrini, na neno hilo linafaa kwa simu. Ndani ya gari halifai. Humo kioo kimekwisha kupewa kazi tatu: kioo cha mbele, vioo vya milango na vioo vya kutazamia nyuma. Mwalimu akimwambia dereva, “Tazama kioo,” huwa anamwokoa. Tukiiita skrini kioo cha kugusa, amri hiyo hiyo itamwangamiza. Tutumie skrini.

Kiolesura ni neno lililokwisha kuenea katika Kiswahili cha kompyuta kwa maana ya mahali mtu na mashine wanapokutana, na Baraza lisijaribu kulipindua. Kasoro yake ni kwamba msomaji huliona neno sura ndani yake, akadhani habari ni ya macho tu. Katika gari mkutano huo ni wa kidole, sikio, hata wa kiti kinachotetemeka. Basi libaki kuwa jina la jumla, lakini chini yake tutenge vionyeshi, yaani vinavyompa dereva habari, na vidhibiti, yaani vinavyopokea amri yake. Skrini ya kugusa ni vyote viwili kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo sababu ya matatizo yake.

Mchawi asiye mchawi

Iko njia ya majaribio inayotumika sana katika kujenga gari linalosikia maneno. Dereva husema, “Nitafutie kituo cha mafuta,” na gari humjibu. Kumbe chombo cha kusikia bado hakijaundwa: fundi aliyejificha chumba cha pili ndiye anayesikiliza na kubonyeza majibu. Faida yake ni kwamba wazo hujaribiwa kabla ya fedha kutumika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani John F. Kelley aliipa njia hii jina la mchawi wa Oz, kutokana na hadithi ya watoto ya L. Frank Baum iliyotoka mwaka 1900, ambamo mtawala aliyeogopwa hugunduliwa kuwa mtu wa kawaida nyuma ya pazia.

Kulifasiri jina hilo neno kwa neno ni kosa la aina mbili. Kwanza, hadithi yenyewe haikukulia kwetu, kwa hiyo Oz haimwambii msomaji lolote. Pili, mchawi wa Kiswahili si mtu wa kuchekesha. Ni mtu anayedhuru. Dereva akisikia kwamba amejaribiwa na mchawi, hatarudi kesho. Twapendekeza jaribio la nyuma ya pazia, na anayejificha aitwe mtu wa pazia. Jina hili lakubaliana na dai letu: mashine imeigizwa, dereva hakuigizwa. Tena lamkumbusha mjaribu wajibu wake wa kulifungua pazia mwishoni na kumweleza dereva yaliyofanyika.

Kuhusu kichefuchefu kinachowapata baadhi ya madereva chumbani, kwa kuwa macho yaona mwendo na mwili hauuoni, hatuna haja ya ugonjwa mpya. Watu wa pwani husema bahari imemlevya mtu. Basi na tuseme amelevywa na kiigizi. Mjenzi ajue kwamba picha inayochelewa kuufuata usukani huongeza kulevya huko, na dereva aliyelevywa hapimiki.

Kutupa jicho

Jambo linalopimwa zaidi ni muda ambao jicho huiacha barabara. Wengi huandika mtazamo. Neno hilo limekwisha kwenda kwingine: leo mtazamo ni fikra ya mtu juu ya jambo, na kutazama ni tendo la kutulia. Kiswahili kina usemi wake, kutupa jicho, nao una kasi na ufupi unaotakiwa. Kwa hiyo mtupo wa jicho.

Mwaka 2013 idara ya usalama wa barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa mwongozo wa hiari uliotaka mitupo ya jicho kwenye chombo cha garini kwa kawaida isizidi sekunde mbili kila mmoja, na kazi nzima isidai zaidi ya sekunde 12 kwa jumla. Sekunde mbili zaonekana chache. Lakini gari lendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 44 katika muda huo. Katika miaka ya 1960 mtafiti John Senders alilichunguza jambo hili katika barabara halisi, akiendesha huku amevaa kofia ambayo ngao yake ilishuka na kuyafunika macho, kisha ikainuka. Tunaye wa kumshukuru kwa ujasiri wake; lakini sababu moja ya kujenga kiigizi ni kwamba asitokee mwingine wa kulazimika kufanya hivyo.

Mafuta na oili

Mpaka hapa tumeyapima majina ya vyombo. Yako maneno mengine yenye hatari zaidi, nayo ni yale yatakayosomwa na dereva mwenyewe. Tuchukue neno mafuta. Kwetu mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka, ya taa na ya gari. Dashibodi ina onyo la tangi kuelekea kuwa tupu, na ina onyo la shinikizo la oili kushuka. Mfasiri aliyejifungia ofisini, akichukia neno oili kwa kuwa limetoholewa, aweza kuandika mafuta katika maonyo yote mawili. Dereva atakayeliona onyo la pili ataendelea hadi kituo, ajaze tangi, aondoke ameridhika. Na injini itakufa njiani. Gereji zetu zimekwisha kulitatua jambo hili zamani: mafuta ni ya tangi, oili ni ya injini. Usanifu unaowapinga mafundi katika jambo kama hili si usanifu. Hata hivyo, jina peke yake halitoshi. “Shinikizo la oili liko chini” ni habari, “Simama. Zima injini” ni msaada.

Vivyo hivyo kwa saa. Skrini inayoonyesha 14:30 yasomwa na Mswahili saa nane na nusu; lakini sauti ya gari ikitamka “saa kumi na nne na nusu”, dereva atageuza kichwa kuhakikisha, na huo ni mtupo wa jicho uliotokana na tafsiri. Vivyo hivyo kwa pande. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Kiswahili chavuka mipaka hiyo yote, kwa hiyo ni salama zaidi kuandika “mlango wa dereva” kuliko “mlango wa kulia”.

Yupo atakayeuliza: sisi tusio na viwanda vya kuchora magari, haya yatuhusu nini? Jibu ni kwamba magari yatufikia na skrini zake, na kila onyo linalotiwa Kiswahili limeamuliwa na mtu fulani mezani. Kanuni yetu ya kutafuta neno kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na nyingine za Afrika, ndipo katika za kigeni, ni njema. Lakini inatuambia neno litoke wapi. Haituambii kama neno hilo litasomeka kwa sekunde mbili. Kwa msamiati wa dashibodi hapana budi kuongeza kipimo cha pili, nacho chaweza kujengwa katika chuo chochote cha ufundi chenye kompyuta, usukani wa michezo na kiti cha gari bovu. Maneno mawili yanayoshindana na yawekwe katika rasimu, madereva wa daladala na wa malori waitwe, na kiigizi kiamue.

Kwa muhtasari, twapendekeza kwa Baraza na kwa wasomaji: mwigo kwa tendo, kiigizi cha barabara kwa chombo, kikitengwa kuwa cha mafunzo na cha majaribio, rasimu kwa kitu kinachojaribiwa, skrini, kionyeshi na kidhibiti kwa sehemu zake, kiolesura likibaki jina la jumla, jaribio la nyuma ya pazia kwa njia ya mtu aliyejificha, kulevywa na kiigizi kwa kile kichefuchefu, na mtupo wa jicho kwa kipimo. Mengine yaweza kukataliwa, nasi hatutanung'unika. Lakini anayeyakataa na ayapeleke kwanza mbele ya mtu aliyeshika usukani, kwa maana huyo ndiye atakayeyalipia.